Mizani ikigoma baada ya upasuaji, usijitese kwa njaa

MAMA mmoja aliingia katika kliniki yangu miezi michache iliyopita akiwa amekasirika. Hata kabla ya kuketi aliniambia: "Daktari, pesa zangu zimeliwa."

Miezi minane awali, mama huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula na kuunganisha utumbo. Siku aliyolazwa alikuwa na kilo 124. Akashuka mwezi baada ya mwezi hadi 97, na hapo mizani ikagoma. Kwa wiki saba ilimwonyesha 97, siku nyingine 98. Pesa alizozitaja ni mkopo wa chama cha ushirika ambao bado anaulipa, na nyumbani shemeji zake walikuwa wameanza kumcheka kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nakiri kwamba nilifanya kosa ambalo sisi madaktari hulifanya mara nyingi. Nilimuuliza, kwa sauti ya kushuku, anakula nini usiku. Mama akanyamaza, kisha akaanza kulia. Kumbe kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa akinywa chai ya rangi na supu ya mboga pekee. Ijumaa mwili ukitetemeka, alichovya biskuti kwenye chai ya maziwa hadi pakiti ikaisha. Jumatatu mizani ilikuwa imerudi pale pale, naye akaanza upya. Nywele zilikuwa zikimtoka kwa mafungu. Tulipopima damu, hemoglobini ilikuwa 8.6. Mtu aliyekuwa akijiua kwa njaa nilikuwa nimemshtaki kwa ulafi.

Maoni yangu ni kwamba lawama ya hali hii ni yetu zaidi kuliko ya wagonjwa. Tunawaeleza juu ya kisu, nyuzi na siku za kulala hospitalini. Hatuwaambii kwamba mizani itagoma, na kwamba ni lazima igome.

Msomaji afikirie lori lililobeba magunia ya mahindi. Hunywa mafuta mengi kuliko lori lilo hilo likirudi tupu. Mwili wa kilo 97 nao hauhitaji chakula kingi kama ule wa kilo 124. Tena mwili una hila nyingine: ukiona chakula kimepungua, hupunguza matumizi kuliko unavyotarajia. Hili si jipya. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea kati ya 1944 na 1945, kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzani wao, na nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika zikashuka kwa takriban asilimia 40. Watu wale hawakuwa wavivu. Miili yao ilikuwa ikijilinda.

Upasuaji husaidia sana hapa kwa sababu hubadilisha homoni za njaa na shibe, lakini haufuti tabia hiyo ya mwili. Kwa hivyo huja siku ambapo chakula kinachoingia na nguvu zinazotumika vinalingana, na mshale unasimama. Wengi hukwama mara ya kwanza karibu na wiki ya tatu tu, baada ya maji mengi yaliyotoka mwanzoni kuacha kutoka. Hapo hakuna la kufanya ila kungoja. Baadaye kunaweza kuwa na vituo vingine vya wiki kadhaa, na kati ya mwaka mmoja na miwili hufika kile ambacho mara nyingi ndicho cha mwisho.

Cha mwisho kiko wapi? Nchini Uswidi kuna utafiti mkubwa wa watu wanene ulioanza 1987. Waliounganishwa utumbo kama mama huyu walikuwa wamepunguza takriban asilimia 32 ya uzani wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10 ilikuwa imebaki asilimia 25. Kwa mtu aliyeanza na kilo 124, hiyo ni kama kilo 93. Na kwa jumla, waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wanene wenzao ambao hawakupasuliwa. Mgonjwa wangu alikuwa na 65 kichwani, uzani wa siku ya harusi yake. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba nambari hiyo haikuwa sehemu ya mapatano.

Sisemi kwamba kila kukwama kuachwe tu. Ukikaa zaidi ya mwezi mmoja au miwili, njoo tuangalie. Jambo la kwanza ninalouliza siku hizi ni kama mtu anakula vya kutosha, hasa protini. Walio wengi wanahitaji gramu 60 hivi kwa siku, la sivyo mwili hula misuli, na misuli ndiyo inayochoma chakula. Mayai mawili, gilasi ya maziwa, gilasi ya maziwa lala, kipande cha samaki kama kiganja cha mkono na nusu kikombe cha maharagwe au ndengu hukaribia kiasi hicho. Kula hivyo kwanza, ugali baadaye kama kuna nafasi. Maji yanywewe nusu saa mbali na chakula. Chai nayo iwe mbali na chakula na mbali na tembe za madini ya chuma, maana huyazuia kuingia mwilini.

Jambo la pili ni vyakula laini vinavyoteleza. Kifuko kidogo kinakataa nyama ngumu, lakini biskuti iliyolowa, aisikrimu, krispi na uji wenye sukari nyingi hupita bila kushibisha. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Baadhi ya waliounganishwa utumbo hutokwa na jasho na moyo ukaenda mbio wakila vitamu. Wengine hawasikii chochote, na hao ndio hudanganyika zaidi. Pombe nayo hupanda kichwani haraka mno baada ya upasuaji huu, na ina nguvu nyingi za kunenepesha.

Kisha nitaangalia dawa zako. Insulini, dawa za steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na sindano ya kupanga uzazi ya Depo-Provera zinaweza kuongeza uzani. Usiache yoyote kwa hiari yako. Tezi ya shingo ikilegea nayo huchangia, na kipimo chake ni cha damu tu.

Kuna wanaoniuliza juu ya kupasuliwa tena, au sindano kama Ozempic. Sindano hizo zina kazi yake, na madaktari wengine huzitumia kwa waliorudia kunenepa baada ya upasuaji. Kumdunga mtu asiyekula kitu kwa siku nne ni jambo jingine kabisa, na mimi nilikataa.

Mama yule nilimpa chuma na vitamini ambavyo alikuwa ameacha ili kuokoa pesa, ingawa vitamini hizo ni za maisha. Nilimwomba mizani aiweke chini ya kitanda na kuitoa mara moja kwa wiki. Kisha tukafungua faili yake pamoja. Dawa za kisukari zilisimamishwa mwezi wa tatu. Za presha zilitoka tatu hadi moja. Nilipomuuliza amefikaje kliniki, alisema ametembea kutoka stendi ya matatu, mlima wote ule. Mwaka jana mumewe alikuwa akimleta kwa teksi hadi mlangoni. Mara ya mwisho nilipompima alikuwa na 95, na hemoglobini 11.2.

Lakini ukitapika kila unapokula, ukipata choo cheusi, maumivu makali ya tumbo, au miguu na mikono ikifa ganzi, usingoje siku ya kliniki. Huko si kukwama kwa mizani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari utakayemkuta kwamba uliwahi kufanyiwa upasuaji huu, hata kama ni miaka mingi iliyopita.