Usonji na Kiwewe: Jeraha la Watu Wazima Wasiotambuliwa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Saa nne asubuhi Mtaa wa Msimbazi huwa umekwisha kuchangamka. Honi za bodaboda na bajaji hupishana na sauti za vipaza sauti vinavyonadi nguo, wapagazi husukuma mikokoteni wakiomba njia, na mabasi ya mwendokasi hushusha abiria wanaoelekea Soko la Kariakoo na mitaa ya Kongo, Mchikichi na Narung'ombe. Kwa wengi, kelele hizo ni dalili ya riziki. Yupo hata hivyo mtu ambaye sauti hizo humwingia kama kipigo. Akifika dukani huwa amechoka kama aliyebeba mzigo, na akijaribu kueleza hali yake huambiwa anajidekeza.

Mtu huyo anaweza kuwa na usonji bila yeye mwenyewe kulijua jambo hilo. Aidha, anaweza kuwa na kiwewe kilichojijenga kwa miaka mingi ya kuadhibiwa, kuchekwa na kulazimishwa kufanana na wengine. Uhusiano wa hali hizi mbili unapaswa kueleweka na familia, walimu, waajiri na watoa huduma, kwa kuwa sehemu kubwa ya jeraha hilo haitokani na usonji wenyewe. Inatokana na namna jamii inavyomtendea mwenye usonji.

Ukubwa wa suala

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo au hujitokeza mapema utotoni, na hudumu maisha yote. Huathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, humfanya apende mambo yenye utaratibu usiobadilika, na mara nyingi hubadili namna milango yake ya fahamu inavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Wapo wenye usonji wasiozungumza na wanaohitaji msaada kila saa. Wapo pia waliosoma, wanaofanya kazi na wanaolea familia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kiwango hicho, Mkoa wa Dar es Salaam, ambao Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliuhesabia watu 5,383,728, ungekuwa na zaidi ya watu 42,000 wenye hali hiyo. Hayo ni makadirio ya kihesabu, si idadi ya watu waliopimwa, lakini yanatosha kuonesha kuwa usonji si jambo la familia chache. Kwa kuwa hali hii haiishi mtu anapokua, wengi wa watu hao ni watu wazima.

Kiwewe si chanzo cha usonji

Katika miaka ya 1950 na 1960, baadhi ya wataalamu wa Ulaya na Marekani walidai kuwa usonji husababishwa na mama asiye na upendo kwa mtoto wake. Dai hilo liliwabebesha wazazi aibu isiyo yao kabla ya utafiti kulikanusha. Leo inafahamika kuwa urithi wa vinasaba una nafasi kubwa katika kutokea kwa usonji, na kwamba malezi hayausababishi. Katika jamii za Afrika Mashariki lawama kama hiyo hujitokeza kwa sura nyingine: mama huambiwa amerogwa, amevunja mwiko au mtoto wake ana mashetani. Lawama hizo hazina msingi, na huchelewesha familia kufika hospitalini.

Ni kweli pia kwamba mateso makali ya utotoni yanaweza kuleta dalili zinazofanana na usonji. Watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Michael Rutter waliwafuatilia watoto waliolelewa kwa unyimwaji mkubwa katika vituo vya Romania kabla ya kuasiliwa, na wakaona kuwa baadhi yao walikuwa na tabia zilizokaribiana na za usonji. Ndiyo maana mtaalamu makini hachukui dalili moja akatoa hukumu. Huuliza hali ilianza lini, ilikuwaje kabla ya tukio lililomuumiza mtu, na inajitokeza katika mazingira gani.

Jeraha linavyojijenga

Kiwewe ni alama inayobaki katika nafsi na mwili baada ya tukio lililozidi uwezo wa mtu kulihimili. Anayesumbuliwa nacho huweza kuliishi upya tukio hilo katika ndoto au kumbukumbu za ghafla, hukwepa kila kinachomkumbusha, na huishi kwa tahadhari kana kwamba hatari ingali mlangoni. Uainishaji wa magonjwa wa WHO ulioanza kutumika Januari 2022 unatambua pia kiwewe changamano, ambacho mara nyingi hutokana na mateso ya muda mrefu au yanayojirudia.

Mwenye usonji yuko katika hatari zaidi kwa sababu kadhaa. Kwanza, jambo ambalo mwingine hulipuuza, kama vile king'ora au msukumano wa ghafla, kwake huweza kuwa la kutisha kwelikweli. Pili, huonewa kwa urahisi kwa kuwa hasomi upesi nia mbaya ya mwenzake. Tatu, anapoumia hukosa maneno ya kueleza, au huyaeleza kwa namna ambayo wengine hawaitambui kuwa ni maumivu.

Mwaka 2020, watafiti wa King's College London walichapisha utafiti uliohusisha watu wazima 59 wenye usonji. Miongoni mwa waliopitia matukio ya kuumiza, zaidi ya asilimia 40 walikuwa na dalili zinazoashiria msongo unaofuata kiwewe. Kiwango hicho hakikuhusu tu waliopatwa na matukio ya kutishia uhai. Kilionekana pia kwa walioumizwa na mambo ambayo vigezo vya kawaida vya kitabibu havihesabu kuwa ni kiwewe. Ingawa idadi ya waliohusishwa ni ndogo, matokeo hayo yanawataka watoa huduma wasipime uzito wa tukio kwa macho yao wenyewe, bali kwa athari iliyobaki kwa aliyelipitia.

Nchini Tanzania, suala hili haliwezi kutenganishwa na adhabu ya kipigo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulibaini kuwa karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Msemo wa samaki mkunje angali mbichi umetumika mara nyingi kuhalalisha fimbo. Mtoto mwenye usonji hakatai kumtazama mwalimu usoni kwa sababu ya kiburi, wala hazibi masikio kwa utovu wa adabu. Akichapwa kwa ajili hiyo hajifunzi adabu. Hujifunza kuwa mwili wake ni kosa.

Walioishi bila jina la hali yao

Watu wengi wenye miaka 30, 40 au 60 leo walisoma wakati ambapo neno usonji halikuwa likisikika shuleni wala majumbani. Waliitwa wajinga, wakaidi, wapole kupita kiasi au watu wa ajabu. Hali hii haiko Tanzania pekee. Mwaka 2023, watafiti wa London walikadiria kuwa nchini Uingereza, yenye huduma za uchunguzi kwa miongo mingi, takribani watu 9 kati ya 10 wenye usonji waliofikisha miaka 50 hawakuwa wamebainika kitabibu.

Wengi wao wamedumu kwa kujificha. Hukariri namna ya kusalimia, hujilazimisha kutabasamu, huiga mizaha ya wenzao na kuficha mikono inayotaka kuchezacheza. Wanawake hasa hupitwa na uchunguzi kwa sababu wamefunzwa tangu utotoni kutulia na kuwafurahisha wengine. Juhudi hiyo ya kila siku ina gharama: uchovu uliokithiri, wasiwasi, sonona na, kwa baadhi, mawazo ya kujiua. Anapofika hospitalini hutibiwa kwa sonona pekee, huku chanzo cha uchovu wake kikibaki pale pale.

Chukulia mfano wa msaidizi wa duka katika mitaa ya Kariakoo. Anajua bei na idadi ya kila bidhaa bila kutazama daftari, na tajiri wake humwamini kwa fedha. Hata hivyo, bidhaa zikihamishwa bila taarifa huvurugikiwa, na mteja akimfokea huganda asiweze kujibu. Wenzake humwona ana jeuri. Yeye hukumbuka fimbo za shuleni, na moyo humwenda mbio kama wakati ule. Hapo usonji na kiwewe vimesukwa pamoja, na kumwambia ajikaze ni kuongeza uzito wa mzigo ule ule.

Eneo hili limepata pia misiba mikubwa. Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliteketeza sehemu ya Soko la Kariakoo, na Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka, likaua watu zaidi ya 20 na kujeruhi wengine wengi, huku kazi ya uokoaji ikiendelea kwa siku kadhaa. Misiba ya namna hiyo humgusa kila aliyekuwapo. Mwenye usonji anaweza asilie hadharani, akaonekana hajali, kisha wiki kadhaa baadaye akashindwa kupita mtaa ule au akapoteza uwezo wa kuzungumza nyakati fulani. Anayepanga huduma ya ushauri nasaha baada ya maafa hana budi kulijua hilo, ili ukimya usichukuliwe kuwa ni uzima.

Sheria ipo, utambuzi ndio mlango

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Katika halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo imeweka utaratibu wa matunzo kwa wenye matatizo ya afya ya akili.

Katika elimu, Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 ulilenga kuwafikia wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, iliyopo Ilala, ni miongoni mwa shule za umma zenye kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinaelekeza kuwa adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na isizidi viboko vinne. Hata fimbo iliyo ndani ya kanuni humwacha na jeraha mtoto anayeadhibiwa kwa dalili za hali yake, hivyo kumbaini mapema ndiyo kinga ya kweli.

Pengo kubwa liko kwa watu wazima. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Takwimu za namna hii hutegemea majibu yanayotolewa katika kaya, na mtu asiyejua hali yake hawezi kuitaja. Vivyo hivyo hawezi kudai nafasi ya ajira, mkopo wala mabadiliko madogo kazini ambayo sheria inakusudia kumpatia.

Hatua zilizo karibu

Mwananchi mwenye mashaka juu yake au ndugu yake anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho jirani na kuomba rufaa ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili. Kwa wakazi wa Ilala, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana na Hospitali ya Taifa Muhimbili ziko karibu. Ni vema kwenda na mzazi au ndugu anayekumbuka utoto wa mhusika, kwa kuwa historia hiyo ndiyo humsaidia daktari kutenganisha usonji na kiwewe, au kuona kuwa vyote vipo. Mtoto anayefanyiwa ukatili ataripotiwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa kupiga simu namba 116.

Mwajiri naye ana nafasi yake. Kutoa maelekezo kwa maandishi, kutaarifu mapema kuhusu mabadiliko, kumruhusu mtu kukaa mbali na spika na kumpa dakika chache za utulivu ni mambo yasiyohitaji bajeti. Mtoa huduma anayetibu kiwewe azungumze kwa maneno ya moja kwa moja, apunguze mwanga na kelele, na asimlazimishe mgonjwa kumtazama machoni.

Kila Aprili 2 dunia huadhimisha Siku ya Uelewa kuhusu Usonji, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Mara nyingi siku hiyo huwa ya watoto, na inastahili kuwa hivyo. Watoto wa miaka arobaini iliyopita wamekwisha kuwa wazazi, wafanyabiashara na wafanyakazi, na baadhi yao wanapita Mtaa wa Msimbazi kila asubuhi wakiamini kuwa wao ni wakosefu. Kuwapa jina sahihi la hali yao hakufuti yaliyopita, lakini huwaondolea kosa ambalo halikuwa lao.