Kutoka Zamu ya Usiku: Msanii Aimbe kwa Mdomo Wake

SEHEMU YA KWANZA

Nimetoka zamu, nimekunywa chai, usingizi umegoma, basi acha niandike. Wale mliozoea hapa kusoma mambo ya presha na kliniki ya wajawazito, leo mnisamehe. Leo ni muziki. Unesi ni kazi yangu siku tano za wiki, ushabiki wa muziki ni siku zote saba, na kuna jambo limenikaa kooni toka Jumamosi ile.

Nilienda shoo. Kwenda kwangu shoo siyo kama kwenda kwenu. Nilibadilishana zamu na sista mwenzangu, ambaye sasa ananidai usiku mbili, mmoja wa Jumapili. Kiingilio sh. 30,000 kwa kichwa, na vichwa vilikuwa viwili kwa sababu nilimchukua mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 19, alikuwa hajawahi kumwona msanii yeyote kwa macho yake. Ongeza bajaji ya kwenda na kurudi, na soda ambayo bei yake sitaki kuikumbuka.

Tangazo lilisema saa 2 usiku. Msanii mwenyewe (simtaji, msinisumbue inboksi) alipanda jukwaani saa 8 kasorobo. Hilo wala silalamikii sana, saa hizo ni saa zangu za kazi, mimi niko macho kama bundi. Shida ilianza pale alipoanza kuimba.

Sasa ngoja niwape siri ya kazi. Sisi tukitaka kuhesabu pumzi za mgonjwa hatumwambii. Ukimwambia tu "nahesabu pumzi zako" anabadilika, anaanza kupumua kwa adabu. Kwa hiyo unaendelea kumshika mkono kana kwamba bado unapima mapigo, kumbe macho yako yapo kifuani. Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Basi nikajikuta namhesabia yule kaka kule jukwaani. Anaruka. Anakimbia toka pembe hii mpaka ile, anapiga magoti, anainuka, shati limelowa chapachapa. Kifua kinapanda na kushuka mbio mbio, kwa jicho langu ilikuwa zaidi ya 35. Na sauti je? Sauti imenyooka kama imepigwa pasi. Haihemi, haikatiki, pale pa kuvuta inavutika vilevile kama kwenye simu yangu. Halafu akashusha maiki mpaka kiunoni ampungie mtu wa mbele, na sauti ikaendelea kuimba bila yeye.

Mdogo wangu akanigeukia: "Dada, mbona..." Nikamwambia cheza tu mdogo wangu, tumeshalipa.

Dakika 25. "Asanteni Dar, nawapenda." Kaondoka.

Inaendelea jioni, nikiamka.

SEHEMU YA PILI

Nimeamka, nimekuta komenti. Kuna aliyesema "sista unazeeka." Kweli, nazeeka, tena kwa shifti za usiku nazeeka mara mbili. Kuna aliyesema watu wanakwenda shoo kucheza na siyo kusikiliza, kama nataka kusikiliza nibaki na simu. Huyo nitamjibu, ila kwanza tuelewane kitu kimoja maana wengi mmechanganya. Sina ugomvi na biti. Msanii mchanga hana hela ya bendi, dijei anampigia biti tupu, yeye anaimba juu yake kwa pumzi zake, hiyo ni halali kabisa, nimeona wengi wakifanya hivyo na nikapiga kelele mpaka koo likauma. Ninachokisema mimi ni kuimba juu ya sauti yako mwenyewe iliyorekodiwa. Pale hakuna anayeimba. Pale mtu anafanya mazoezi ya viungo na sisi tunamlipa.

Na mimi naona ugonjwa huu hauanzii jukwaani, unaanzia kwenye albamu.

Albamu nazipima hivi. Saa 10 alfajiri, wodi imetulia, dripu zote zinashuka vizuri, nipo kwenye mapumziko yangu, hedifoni sikio moja tu (lingine ni la wagonjwa). Saa 10 ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mtu wa usiku, mwili wote unadai kitanda. Albamu ikinivusha hapo, imefaulu. Ikinilaza, basi.

Only One King ya Alikiba, ya 2021, ilinivusha, lakini siyo yote. Wageni wamejaa mle: Sauti Sol, Nyashinski, Sarkodie, Patoranking, Rudeboy, mpaka unajiuliza mwenye nyumba yuko wapi. Halafu inakuja "Utu", yuko na sauti yake, hana haraka, na hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini nilianza kumpenda huyu mtu nikiwa bado nasoma. Love Sounds Different ya Barnaba, ya 2022, nayo ina wageni wengi kupita kiasi, lakini Barnaba hata umpe mgeni wa sayari nyingine bado unajua hii nyumba ni ya nani, kwa sababu yule ni mtu wa gita, ameanza kuimba mbele ya watu kabla ya kuimba mbele ya mashine. Zuchu, jamani, mtoto wa Khadija Kopa! EP yake ya kwanza ya 2020 alimweka mama yake humo na sauti mbili zile za damu moja zikinisimamisha vinyweleo. Mimi binafsi nampenda zaidi akiachia pwani yake kuliko akikimbizana na biti za Nigeria na Afrika Kusini. Najua mtanishambulia. Shambulieni.

Kitu kinachonitia wasiwasi kwenye albamu nyingi za sasa ni hiki. Sauti moja inarekodiwa mara sita, mara nane, zinapangwa moja juu ya nyingine kama magodoro ya stoo, halafu mashine inanyoosha kila palipopinda. Inatoka nzuri, sikatai. Ila ni sauti ambayo hakuna binadamu mwenye mapafu mawili anayeweza kuitoa amesimama peke yake. Sasa siku ya shoo msanii anapanda na pumzi zake za kawaida, anajua watu wameizoea ile ya magodoro manane, anaogopa. Anaiogopa albamu yake mwenyewe! Ndipo anaposema "dijei, weka na sauti."

Zamani ilikuwa kinyume. Bendi zetu za dansi zilikuwa zinaingia studio ya Radio Tanzania watu wote pamoja, wapiga magita, tumba, tarumbeta na waimbaji, wanapiga wimbo mzima kama wanavyoupiga ukumbini. Ule wimbo ulikuwa umeshachezwa na watu, umeshasahihishwa na watu. Msondo Ngoma wametokea NUTA Jazz ya 1964, Sikinde ni ya 1978, na ukisikiliza rekodi zao za miaka hiyo unasikia mpaka mtu akivuta pumzi kabla ya kupokea kiitikio. Mimi ile pumzi naipenda kuliko kiitikio chenyewe. Labda ni kazi yangu.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa anapiga besi kwenye bendi. Bendi ndogo, hamuijui. Gita lake aliliuza amlipie binti yake ada ya chuo, siku hizi anaendesha bajaji, na ndiye aliyetupeleka na kuturudisha ile Jumamosi. Kurudi, saa 9 usiku, mdogo wangu anamsimulia shoo yote, taa, moshi, wacheza shoo, nguo. Mjomba anaendesha, anaitikia tu "enhee, enhee." Akamaliza. Mjomba akauliza swali moja:

"Besi alipiga nani?"

Mdogo wangu akaniangalia mimi. Nikasema hakuna, mjomba, ilikuwa CD.

Hakusema kitu tena mpaka tunafika. Na hela ya kurudi alikataa.

SEHEMU YA TATU

Samahani nimechelewa siku mbili, wodi ilifurika.

Yule aliyesema watu wanakwenda kucheza na siyo kusikiliza: umewahi kukaa Ngome Kongwe, Unguja, mwezi wa pili? Sauti za Busara lipo toka 2004 na sharti lao halijabadilika, kila anayepanda anapiga laivu, awe wa kutoka Mali, Réunion au Makunduchi. Njoo uone kama watu hawachezi. Niliwaona pale Siti and the Band. Siti Amina anapiga udi huku anaimba, pembeni kuna kanuni na fidla, na kuna mahali sauti yake ilikwaruza kidogo, akacheka, akarudia ule mstari kwa nguvu zaidi, na ngome nzima ikalipuka. Mkwaruzo ule haumo kwenye albamu yao ya Fusing the Roots. Nimeisikiliza albamu ile mara nyingi sana toka siku hiyo na kila ikifika pale mimi nausikia, ingawa haupo.

Na msiniambie ni mambo ya muziki wa asili tu. Lady Jaydee ni wa kizazi hikihiki cha bongo fleva, albamu toka Machozi, na amezunguka na bendi yake miaka na miaka. Majirani zetu Sauti Sol walianza kwa kuimba bila vyombo kabisa, ndiyo maana mpaka walipoagana na mashabiki Nairobi, Novemba 2023, hukuwa na sababu ya kutazama maiki iko wapi. Bi Kidude aliimba laivu mpaka uzeeni kabisa, na alikuwa anavuta sigara. (La sigara msimuige. Nasema kama nesi.) Hapa Dar kulikuwa na kizazi kizima cha THT, Barnaba na Linah na Mwasiti na Ditto, waliolelewa kwa kuimba na bendi kabla ya kuitwa mastaa. Kwa hiyo uwezo upo, na watu hawa hawakuzaliwa na mapafu ya ziada.

Sasa niwe mkweli, maana kuna kijana mmoja anayefanya kazi ya kufunga vyombo kwenye shoo kaniandikia kwa heshima kubwa na kunieleza upande wa pili. Anasema promota anaweka wasanii 10 usiku mmoja, hakuna muda wa kupima sauti ya bendi 10. Bendi inataka nauli, chakula, mahali pa kulala, mazoezi. Promota akipewa bei ya msanii na bendi, na bei ya msanii na dijei, anachagua ya pili kabla hujamaliza sentensi. Wakati mwingine msanii mwenyewe anataka bendi na ananyimwa. Nimemwelewa, na nafuta neno moja nililoandika juzi kwenye komenti, nilisema "wavivu". Siyo wote.

Lakini kaka, mbona hasara yote inakuja kwetu tu? Promota kabana matumizi, msanii kalipwa, mpiga besi kakosa kazi na mimi nimelipa kiingilio kilekile. Bei ya laivu, mzigo wa CD. Mimi nikimchoma mgonjwa sindano ya maji nikamwambia ni dawa, na akasikia nafuu, bado nimemdanganya.

Ombi langu ni dogo. Andikeni kwenye tangazo. "Msanii na bendi." "Msanii na dijei." "Msanii atacheza nyimbo zake." Hata hiyo ya tatu wako watakaokwenda, na mdogo wangu atakuwa wa kwanza, kwa sababu kiukweli alifurahia zile taa. Ila mimi nijue kabla sijauza Jumapili yangu.

Na wasanii, badala ya nyimbo 10 kwa sauti ya mashine, tuimbieni 4 kwa yenu. Punguzeni kuruka. Simama, vuta pumzi mpaka tumboni, imba. Ukikosea kicheke, sisi tutaimba pale uliposahau, nyimbo zenu tunazijua kuliko ninyi.

La mwisho, limeulizwa na watatu: mlio ule wa "ngiiii" masikioni baada ya shoo. Ile ni sikio limeumia. Likipona kesho yake una bahati, likizoea hutapata jingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2022 kwamba kwenye kumbi sauti isizidi wastani wa desibeli 100, na watu wapatiwe vya kuzibia masikio na mahali pa utulivu pa kupumzikia. Ukumbini sijaona hata kimoja. Pamba haisaidii sana, tafuteni viziba masikio duka la dawa, na msisimame mbele ya spika mkidhani ndiyo mapenzi.

Jumamosi ijayo nina usiku wa pili wa kulipa deni la sista. Jumamosi ya baada ya hapo kuna bendi ya dansi inapiga huku kwetu Temeke, kiingilio sh. 5,000. Nimemwambia mjomba tunakwenda wote na bajaji anaiacha nyumbani. Ameniuliza mpiga besi wao ni nani. Nimesema sijui, mjomba, tutamwona.

Naingia zamu.