Mkataba Unasema Lami Tu

Mkataba niliosaini Arusha ulikuwa na kurasa tatu. Kijana wa ofisini alizifunua harakaharaka, akaniwekea kidole penye kusaini, kisha akarudi nyuma kwenye kifungu kimoja.

"Dada, hapa ndipo wateja wanapotuangusha. Lami tu. Ukiingia vumbi, amana yako hairudi."

Nilisaini. Amana ilikuwa nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nilikuwa na siku tatu, Rav4 nyeupe, na mpango wa kuuzunguka Manyara, mkoa aliozaliwa mama. Mimi nimekulia Dar es Salaam. Kwao mama nilikujua kwa misiba na Krismasi tu.

Nikashika lami. Makuyuni, Minjingu, Babati. Nikalala Babati, nikatazama viboko ziwani. Kesho yake nikaenda Katesh, makao makuu ya Hanang, nikapiga picha mlima wenye zaidi ya mita 3,400 ukiwa umejifunika wingu. Siku ya tatu nikageuza. Usiku ule nikaandika mtandaoni: "Siku tatu, Manyara nimeimaliza." Mtu mmoja akauliza, na Mbulu je? Nikamjibu bila kufikiri: "Mbulu hakuna kitu, ni mashamba tu."

Asubuhi simu ikaita. Alikuwa mjomba, kutoka Dongobesh.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia kwetu hakuna kitu."

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa, na limekuja kama ugomvi.

Ugomvi huu si na mwenye gari. Gari lile huenda bado lina mkopo. Springi ikikatika Bashnet, anayelipa ni yeye, na fundi hatampunguzia bei kwa sababu mteja alitaka kuona kwao. Ningekuwa mimi, ningeandika kifungu hichohicho, tena kwa herufi kubwa.

Lakini kifungu cha lami kina mahali pake. Rafiki yangu aliyekwenda kusoma Uholanzi alikodi kagari kadogo Amsterdam, akatoka kwenye ule mji wa mifereji, akazunguka vijiji vya jirani kwa siku mbili. Mkataba wake ulimkataza mengi. Haukumkataza kijiji hata kimoja, maana kila alipotaka kwenda lami ilikuwa imeshatangulia. Kifungu hichohicho ukikileta kwetu kinageuka ramani. Kinakuambia ni Watanzania gani unaweza kuwatembelea na ni akina nani utawasikia tu.

Nilipokwenda, ramani ilikuwa hivi. Pale Dareda lami inaendelea kuelekea Katesh, na njia ya Mbulu inakata kulia, inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa vumbi hadi Bashnet na Dongobesh. Ukitaka kupitia Magara, zile kona kali za mlimani zimewekewa zege. Mkataba haukusema lolote kuhusu zege, ila huku na huku ya zege ni vumbi. Kutoka Karatu, vumbi. Kutoka Katesh kwenda Bassotu na Haydom, vumbi. Wilaya nzima ya mama yangu ilikuwa nje ya mkataba.

Haydom kuna hospitali iliyoanzishwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955. Wagonjwa huifuata kutoka wilaya nyingi, kiangazi na masika, kwa barabara ambayo gari langu halikuruhusiwa kuikanyaga hata mara moja wakati wa jua. Gari la mtalii linalindwa dhidi ya barabara hiyo. Mama mjamzito anapandishwa bodaboda.

Au tuchukue Bassotu. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua huko mashamba saba ya ngano, yapatayo ekari 100,000. Nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarbaig. Walijua msimu wa kuingiza ng'ombe na msimu wa kuziacha zipumzike. Matrekta yakalima, na katika kulima yakapita hata juu ya bung'eda, vilima vya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile rasmi. Watu waliozika wazazi wao pale wakashindwa kwa kukosa karatasi.

Usiniambie hiyo ni habari nyingine. Ni habari ileile. Kuna karatasi inayosema eneo fulani lina mwenyewe, na kuna karatasi inayosema eneo fulani linafikika. Aliyeandika karatasi hakulazimika kwenda kuuliza. Ukisimama Katesh kwenye lami na simu mkononi, huioni Mulbadaw, kwa hiyo unaandika kwamba Hanang ni mlima.

Na mlima wenyewe tunaujua vipi? Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Hanang, vikaua zaidi ya watu 80. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilijua Katesh iko wapi. Misaada ilikuja, viongozi walikuja, kamera zilikuja. Walifanya vema kuja. Mimi mwenyewe nilipofika nilitafuta makovu ya tope ili niyapige picha, na hili naliandika kwa aibu. Sikumuuliza mtu yeyote aliyekuwa akiishi kule juu analima wapi sasa. Kule juu hakuna lami.

Najua utakachosema, msomaji. Utasema mimi nina ndugu wa kunipokea, wewe huna. Utasema una likizo ya siku nne na mfuko mwepesi, na kwamba kijana wa Kitanzania kuikodi Rav4 akaona nchi yake ni hatua, kuliko kukaa Dar akitamani picha za Amsterdam. Nakubali. Kodi gari. Basi la saa kumi na mbili asubuhi halisimami unapotaka kutazama ziwa, na uhuru wa kusimama ni kitu kizuri.

Ninachokataa ni neno nililoandika usiku ule. Aliyeishia kwenye lami aseme "sikufika". Asiseme "hakuna kitu". Kauli ya kwanza ni ukweli wa msafiri. Ya pili ni hukumu, na tunaitoa tukiwa na mamlaka ya picha, kwa watu ambao nao watapanga safari zao kwa kutufuata sisi. Hivyo ndivyo kifungu cha mkataba wa gari kinavyogeuka kuwa maoni ya kizazi kizima kuhusu wilaya.

Julai nilikodi tena, ofisi ileile. Gari nikaliegesha uani kwa gesti moja Dareda, nikapanda gari la abiria lililojaa ndoo, magunia na watu. Aliyekaa karibu nami alikuwa mama anayempeleka mtoto kliniki Haydom. Alinishikisha mtoto kila kona, apate kujishikilia mwenyewe.

Mjomba alinipokea njia panda. Hakunikaripia. Alinipitisha shambani kwake, akanionyesha vitunguu saumu vilivyoanikwa, zao ambalo Mbulu inajulikana kwalo. Nikamuuliza anauza kilo bei gani. Akataja bei, nikashangaa, maana Dar mimi hununua kwa mara kadhaa ya hiyo.

"Mnunuzi anakata barabara kwanza," akasema. "Anasema gari lake linaumia."

Hapo nikaelewa kwamba kifungu kile hakikuwa changu peke yangu. Kimo katika kila mkataba unaopanda mlima huu, ulioandikwa na usioandikwa. Mimi ndiye pekee niliyesomewa kabla ya kusaini.

Niliporudisha gari Arusha, kijana yuleyule alichutama, akamulika chini kwa tochi ya simu, akapitisha kidole ndani ya matairi. Hakikutoka hata na vumbi la kupiga chafya.

"Safi kabisa, dada. Wateja wote wangekuwa kama wewe." Akanihesabia amana yangu yote.

Viatu vyangu vilikuwa vyekundu hadi kwenye kifundo. Hakuvitazama.