Namba ya 01 pia ni namba, wasee

Ukinunua laini mpya hapa Kaloleni siku hizi, usishangae ukipewa ya 01. Sasa mtu anaenda kujaza fomu ya kazi kwenye intaneti, anaandika namba yake vizuri, fomu inamjibu kwa rangi nyekundu: namba si sahihi. Si sahihi vipi na asubuhi imepokea pesa? Anaishia kuweka namba ya mamake, halafu siku ya kuitwa kazi simu inalia huko soko la Kibuye.

Namba za 01 zilianza kutolewa 2019. Si jana. Lakini bado kuna watu wanaandika programu inayokata herufi mbili za kwanza, namba[:2], na ikikosa "07" inafunga mlango. Huo ni uvivu, tusiuite usalama.

Wengine wanajiona wajanja, wanapanga orodha ya namba za kila mtandao. Safaricom wana 0700 hadi 0729, kwa hivyo msee anaandika range(700, 729). Maze, Python hapo inaishia 728! Ni kama konda aliyekuambia "hadi Kondele" halafu anakushusha steji moja kabla. Wenye 0729 wote wako nje. Andika 730.

Halafu kuna wale wa namba[:4]. Mtu akiandika +254729 na zingine, unapata "+254", yaani umeshika Kenya nzima. Kata kutoka nyuma: toa nafasi na vistari, kisha namba[-9:]. Ianze na 0, 254 ama +254, zile tisa za mwisho hazibadiliki. (Na uiweke kama maandishi, la sivyo ile 0 ya mbele inapotea.)

Lakini hata ukikata vizuri, tangu 2011 mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake. Orodha yako inajua laini ilitoka wapi, haijui iko wapi leo. Kwa maoni yangu fomu ya kazi haina haja na hiyo orodha kabisa. Unataka kujua kama namba ni ya ukweli? Itumie meseji.

Kama unafunza wenzako, anza na "Kaloleni"[2:5]. Inatoa "lol", naapa. Mkimaliza kucheka, jaribuni fomu yenu na namba ya 0110 kabla hamjaiachilia kwa watu.