Msikeshe na vitabu vya zamani
Nina neno kwa wadogo zangu wanaojiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu na vitu yameondolewa, kwa hiyo msijichoshe na vitabu vya zamani vinavyoyafundisha. Sasa mnapimwa kuchambua hoja na ufahamu wa kusoma, dakika 35 kila sehemu. Huo ni ustadi, haukaririwi usiku mmoja. Fanya sehemu moja kwa siku, kisha rudia ulichokosa mpaka ujue kwa nini. Siku moja ya wiki funga daftari, ulale. Mtihani unaweza kurudiwa. Afya ikishaharibika, hata alama 180 hazitakufaa kitu.