Unanawa, Unaoga, Unaosha au Unafua?

Mtahiniwa, soma sentensi hii kutoka katika insha niliyoisahihisha wakati wa mtihani wa majaribio: "Niliamka saa kumi na moja, nikaosha meno, nikaosha mwili wangu, nikaosha shati la jana, kisha nikaosha mikono na kunywa chai." Mwandishi wake ni kijana wa Mwananyamala, amezaliwa hapohapo, na Kiswahili ndiyo lugha ya kwao. Nilimwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nyumbani kwenu asubuhi unaosha meno?"

Akacheka. "Hapana, mwalimu. Napiga mswaki."

"Na mwili?"

"Naoga."

"Na shati?"

"Nafua, mwalimu."

"Sasa mbona hapa umeandika hivi?"

"Niliona kupiga mswaki ni lugha ya mtaani. Kwa kuwa ni mtihani, nikataka iwe rasmi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Kijana alikuwa na maneno sahihi yote manne, akayaacha nje ya mlango wa chumba cha mtihani. Maoni yangu ni kwamba watahiniwa wengi wa Kiswahili hawapungukiwi msamiati. Wanautilia shaka ule waliotoka nao nyumbani. Wakishautilia shaka, hukimbilia kutafsiri kutoka Kiingereza, lugha ambayo kwa kazi zote hizo huweza kutosheka na neno moja, "wash". Kiswahili hakitosheki na moja.

Nenda dukani kwa Mangi, uwe Tandale au Magomeni, uangalie rafu ya sabuni. Ipo sabuni ya kuogea, ipo ya kufulia, ipo ya kuoshea vyombo. Ukiomba "sabuni ya kuoshea nguo" utapewa, lakini muuzaji atajua hujazoea kufua. Hapo dukani, bila kufungua daftari, umekwisha kupata mifano mitatu ya kauli ya kutendea: ogea, fulia, oshea. Ongeza na sehemu ya kunawia mikono, wapo wanne.

Kitenzi ninachotaka tukikalie zaidi ni nawa, kwa sababu ndicho kinachoachwa haraka kuliko vyote. Mtu hunawa mikono, hunawa uso, na vyote ni vyake mwenyewe. Kitendo kinamrudia mtenda, na maana hiyo imo ndani ya kitenzi, kiasi kwamba hatusemi "najinawa". Lugha nyingine hulazimika kuongeza kitu. Mhispania, kwa mfano, ana kitenzi "lavar" cha kufua nguo, lakini akitaka kusema kunawa mikono hukifunga kipande cha kujirejea na kupata "lavarse las manos". Kwa vyombo na sakafu Mhispania huyo ana kitenzi kingine tena, "fregar". Mwanafunzi wa Kihispania anakesha kuyatofautisha hayo. Wewe ulishayatofautisha ukiwa na miaka mitatu, pale ulipoambiwa, "Nawa kwanza ndipo ule."

Sasa, ikiwa unayemsafisha ni mwingine, kitenzi hubadilika. Humnawi mtoto, unamnawisha. Humwogi, unamwogesha. Mgeni akikaribishwa chakula na mtu akamletea jagi na beseni, huyo anamnawisha mgeni, na mgeni ananawa. Hiyo ni kauli ya kutendesha.

Kuna na mtego. Neno nawa linaishia na "-wa", na wapo wanaolipanga pamoja na kauli ya kutendwa, kama pigwa au oshwa. Silo. Hiyo "w" ni sehemu ya mzizi, na mzizi ni -naw-. Hakuna anayetendwa hapo.

Osha ni ya kitu: vyombo, gari, mchele, mboga, kidonda. Sitakudanganya kwamba mpaka huu hauvukwi. Nywele ni zako lakini unaziosha. Na ukienda Kenya utasikia sana watu wakisema "osha mikono", nao wanaelewana vizuri. Hata hivyo, hapa kwetu tangazo la afya linasema nawa. Tarehe 15 Oktoba huadhimishwa Siku ya Kunawa Mikono Duniani, na mwaka 2020, wakati wa korona, ndoo zenye koki zilipowekwa kwenye milango ya maduka na ofisi, ujumbe ulikuwa nawa kwa maji tiririka na sabuni. Hilo ni tangazo rasmi, mtahiniwa. Neno la nyumbani na neno rasmi ni lilelile.

Fua nayo ina utajiri wake. Tunafua nguo, lakini pia tunafua nazi kwa kuzitoa makumbi, mhunzi anafua chuma, na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limejengwa kufua umeme, megawati 2,115. Swali la kutunga sentensi kuonesha maana tofauti za neno moja likikukuta, fua haitakuangusha. Angalia pia mnyambuliko wake: fua, fulia, fuliwa. "L" haionekani kwenye fua, ila inajitokeza kiambishi kinapoongezwa, kama ilivyo kwa nunua, nunulia, nunuliwa. Kwa hiyo andika "nguo zimefuliwa", usiandike "zimefuwa".

Yapo na mengine madogo: unasukutua kinywa, unasuuza nguo ili povu litoke.

Kabla hujafungua ukurasa unaofuata, andika aya moja juu ya Jumamosi yako, tangu kuamka hadi mchana, bila kutumia kitenzi osha zaidi ya mara moja. Yule kijana wa Mwananyamala nilimpa kazi hiyohiyo. Alinawa, alipiga mswaki, alifua, aliosha vyombo, aliogesha wadogo zake wawili. Alipofika kwenye sakafu akainua mkono na kuniuliza kama "kupiga deki" kunaruhusiwa. Nikamwambia aandike.