KIDOLE CHA MWENDESHAJI NI CHA NANI?



Wengi wetu katika Makongeni, Kaloleni, Bahati na hata kule Kayole tuna pikipiki, au vijana wetu wanazo. Tangu Serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, boda boda imelisha nyumba nyingi ambazo mshahara peke yake haukutosha. Lakini pikipiki huibwa upesi kuliko baiskeli. Mwizi hahitaji ufunguo. Katika pikipiki nyingi swichi ina waya mmoja ambao kazi yake ni kuzuia tu moto usifike kwenye plagi. Ukikatwa waya ule, teke moja tu na injini inanguruma.

Basi sasa mafundi vijana wanatengeneza kisanduku kinachosoma alama ya kidole badala ya ufunguo. Kidole kinawekwa juu ya kioo kidogo, mashine inatazama mistari ya ngozi inakoishia na inakogawanyika, inageuza hayo kuwa hesabu, na ikilingana na hesabu iliyowekwa, umeme unapita. Twawapongeza. Hata hivyo tunawaambia wazi: kisanduku kikifungwa kwenye waya ule ule wa kuzimia, mwizi ataukata vile vile, na fedha ya mnunuzi imepotea. Lazima kizuie pia mahali pengine, na waya zifichwe ndani kabisa.

Tena, vidole vyetu si vya karani. Mwenye kushika grisi, simenti au kokoto miaka kumi, mistari yake imelika. Katika uchaguzi wa 2017 mashine zilisoma vidole vya wapiga kura, na ambaye kidole chake kilikataa alitafutwa kwa namba ya kitambulisho. Pikipiki nayo iwe na njia ya pili, maana mvua ya usiku Jogoo Road haingoji mtu akaushe mikono. Na wanaopokezana pikipiki moja, huyu mchana na yule usiku, vidole vyao vyote viingizwe.

Liko jambo baya zaidi. Mwaka 2005 huko Malaysia wezi walimkata mtu kidole ili waiwashe motokaa yake iliyotaka alama hiyo. Ufunguo ukidaiwa kwa panga, unautupa chini na kukimbia. Kidole utakitupaje? Kwa hiyo mtambo uwe na namna ya kuiacha injini iwake, kisha izime yenyewe mbali kidogo, mwenyewe akiwa ameshaokoka.

Lakini linalotuhusu sisi kama chama ni hili. Vijana wengi huendesha pikipiki za watu wengine, wakilipa kila jioni. Atakayeandikisha vidole ni mwenye mali. Siku kijana amepeleka mtoto hospitali na hesabu ikapungua, tajiri atafuta kidole chake, na asubuhi kijana atasimama kando ya chombo kisichomjua. Wazee wetu waliyaona hayo. Tangu 1920 mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitiwa alama za vidole, akavaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na bwana asipotia sahihi ya kumwachilia, hapati kazi kwingine. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku na wenzake mwaka 1921, na Machi 1922, alipokamatwa, watu waliomdai walipigwa risasi hapa Nairobi.

Hatusemi kisanduku ni kipande. Twasema hesabu ya kidole ibaki ndani ya pikipiki, isipelekwe ofisini kwa tajiri wala isiuzwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu alama hiyo kuwa siri ya mtu. Na mkataba uandike ni siku ngapi za notisi kabla kidole hakijafutwa. Mwenye kijana aliyeletewa karatasi ya namna hiyo asimwache aitie sahihi upesi. Ailete kwanza kwa katibu wa tawi tuisome pamoja.